PhD ya falsafa India: usitume hela kabla msimamizi hajakuandikia mwenyewe

Mkuu, usitume hiyo hela. Subiri kwanza.

Uzi wako nimeusoma kwenye daladala, nikapitiliza kituo changu. Unasema wewe ni mhadhiri msaidizi huko Morogoro, mwajiri amekubana uwe na PhD, umempata wakala hapo Dar anayekutafutia nafasi ya falsafa India, na anataka dola 800 za kushika nafasi. Umeuliza ada, hosteli, chakula, kama unaweza kusoma huku unafundisha, na kama TCU, tume yetu ya vyuo vikuu, wataitambua. Maswali mazuri yote. Ila katikati umechomeka sentensi moja kama vile haina uzito: "Wakala kasema msimamizi nitapewa nikifika."

Sentensi hiyohiyo niliambiwa mimi mwaka 2017, kwenye ofisi ya ghorofani maeneo ya Posta, kiyoyozi kinavuma, nimeletewa na soda. Ilinitafuna miaka miwili na ushee, na kiwanja changu cha Kibaha.

Nilitaka kuandika juu ya Nyaya, ile shule ya kale ya mantiki ya India. Swali lao kubwa ni tunajuaje tunachojua, na wanakubali njia nne: kuona kwa milango ya fahamu, kukisia kwa dalili, kulinganisha, na neno la mtu wa kuaminika. Hiyo ya nne, wanayoiita shabda, ndiyo niliyoitaka, niiweke mezani pamoja na kazi ya Odera Oruka, mwanafalsafa wa Nairobi aliyewahoji wazee wenye hekima vijijini. Neno la mzee ni elimu au ni maneno tu? Bado naamini mada ilikuwa nzuri. Marehemu mada.

Nikafika Julai, chuo cha serikali ya jimbo. Jina silitaji, wapo wenzangu bado wanahangaika kule. Idara ilikuwa na walimu watatu wenye sifa ya kusimamia. Nikapangiwa Mzee mmoja, bingwa wa Nyaya kwelikweli, Kisanskriti, lugha ya kale ya India, anakisoma kama sisi tunavyosoma magazeti ya michezo. Nikampigia wakala kumshukuru! Nilimshukuru, mkuu.

(Kule msimamizi wanamwita kwa neno la Kiingereza ambalo ukilitamka kwa ulimi wetu linatoka "gaidi". Mama alinisikia kwenye simu nikimwambia mtu kesho naenda kwa gaidi wangu. Alifunga siku tatu.)

Ule mwaka wa kwanza sitausahau. Kila Jumanne na Ijumaa asubuhi tulikaa tukisoma Nyaya Sutra, kitabu mama cha shule hiyo, na ufafanuzi wa Vatsyayana, mfafanuzi wake wa kale, mstari mmoja unaweza kula saa nzima. Siku tuliyofika kwenye aina za kukisia, mfano wa Vatsyayana ni huu: ukiona mawingu yanapanda, unajua mvua itanyesha. Wa pili: ukiona mto umefurika, unajua mvua imeshanyesha huko juu. Nikamwambia kwetu hilo la kwanza hata mtoto analijua, dalili ya mvua ni mawingu. Mzee akacheka mpaka akavua miwani, akaliandika kwenye daftari lake kwa Kiswahili, nikamtajia herufi moja moja.

Sasa sikiliza. Siku hiyohiyo kabati lake la vitabu lilikuwa nusu tupu. Chini kulikuwa na maboksi manne yamefungwa kwa kamba. Nilikuwa nimeyazoea, nilikuwa naweka miguu juu yake. Mwanafunzi wa PhD ya kukisia kwa dalili, miguu juu ya dalili!

Mwishoni mwa Juni 2018 Mzee akastaafu. Idara ilijua tangu siku naandikishwa, ila wale wawili wengine walikuwa wamejaza nafasi zao na mimi lazima niwekwe mahali. Mzee mwenyewe alidhani nimeambiwa. Aliponiaga ndipo akagundua sikuambiwa, na nakumbuka alivyoniangalia. Alijitolea kubaki msimamizi msaidizi, lakini ofisi ikasema bila msimamizi mkuu aliye kazini faili haliendi. Akahamia kwa mwanawe, mji mwingine kabisa.

Nikakaa miezi tisa bila msimamizi. Unakwenda ofisini, unaambiwa karani hayupo, njoo Jumatatu. Jumatatu ni sikukuu. India ina sikukuu, ndugu yangu, wacha kabisa. Ada inadaiwa kama kawaida. Ripoti ya maendeleo ya kila miezi sita inatakiwa na sahihi ya msimamizi ambaye huna. Barua ya chuo ya kuongezea kibali cha ukaazi kwa FRRO, ile ofisi yao ya wageni, nayo unaipata baada ya kupiga magoti.

Machi 2019 mwalimu kijana akapata nafasi moja, akanikubali kwa sharti: yeye ni mtu wa maadili ya biashara, Kisanskriti hasomi, mada ya shabda hawezi kuisimamia. Tena alikuwa mkweli kuliko wote niliokutana nao, simlaumu. Nikaandika pendekezo upya, nikalitetea upya mbele ya kamati, likapitishwa Septemba 2019. Miaka miwili na miezi miwili tangu nishuke uwanja wa ndege, ukurasa wa kwanza wa tasnifu ndiyo naufungua. Machi 2020 nchi nzima ikafungwa kwa korona, nikawa hosteli na Wanepali wawili na gunia la dengu. Mwajiri alikuwa amenipa miaka minne yenye mshahara. Ilipoisha, kiwanja kikaenda. Nimewasilisha mwishoni mwa 2022, nikatetea 2023, wakati kikomo cha kawaida ni miaka sita. Niliponea kwenye tundu la sindano.

Leo naitwa daktari wa maadili ya biashara. Watu wa benki wananialika niwafundishe uadilifu. Mimi, niliyeibiwa mchana kweupe kwenye ofisi yenye kiyoyozi!

Wakala nilimpigia. Unajua alisema nini? "Si ulipata chuo?" Ni kweli, nilipata chuo. Wanyaya wanasema neno la mtu ni njia ya elimu pale tu mtu huyo anapokuwa anakijua kitu chenyewe na ana nia ya kukwambia kilivyo. Wakala hakijui, na nia yake ni kamisheni. Nilikuwa na vitabu vitano vinavyonieleza hilo, nikamwamini yeye kwa sababu ya tai. Na kuna jamaa yangu, alisoma shahada ya biashara Pune, akawa ananiambia kila siku "India mteremko, nenda tu". Shahada ya darasani na PhD ni ndege na samaki. Darasani mwalimu akiondoka analetwa mwingine. Kwenye PhD mwalimu ndiye chuo.

Kwa hiyo wewe anza na mtu. Ingia Shodhganga, ile hifadhi yao ya tasnifu inayoendeshwa na INFLIBNET, ni bure. Andika mada yako, angalia tasnifu za miaka ya karibuni, kila moja ina jina la msimamizi. Dakika ishirini utajua nani hasa anasimamia unachotaka na wanafunzi wake wanamaliza au hawamalizi. Kama ni mantiki ya kale utakuta Jadavpur ya Kolkata inajirudia. Kuna na Hyderabad, Pune, Delhi, Banaras, Madras, na hata zile IIT za uhandisi zina walimu wa falsafa kwenye idara zao za sayansi za jamii. Kisha mwandikie mwenyewe. Kurasa mbili za wazo lako, usimmwagie arobaini. Asipojibu, rudia baada ya wiki mbili, halafu piga simu ya idara.

Akijibu, muulize bila aibu: unastaafu mwaka gani? Vyuo vya serikali kuu ni miaka 65, vya majimbo vinatofautiana, kwingine 62, kwingine 60. Kanuni mpya za UGC, tume yao ya vyuo vikuu, za Novemba 2022 zinasema mwalimu aliyebakiza chini ya miaka mitatu asiandikishe mwanafunzi mpya wa PhD. Laiti zingekuwepo wakati wangu! Lakini kanuni iko kwenye karatasi na wewe utakuwa umekaa korido, kwa hiyo muulize tu. Muulize pia ana wanafunzi wangapi. Profesa kamili mwisho wanane, profesa mshiriki sita, profesa msaidizi wanne. Na hapa kuna kitu wakala wako hakijui: kanuni hizohizo zinamruhusu kila msimamizi kuchukua wanafunzi wawili wa kigeni juu ya idadi hiyo. Akikwambia amejaa, mkumbushe kwa adabu.

Akikubali, akuandikie kwa barua pepe yake ya chuo kwamba idara ikikupitisha atakusimamia kwa mada hiyo. Hapo ndipo uanze kufikiria dola. Na ukishafika hapo utashangaa wakala alikuwa wa kazi gani, maana fomu unajaza mwenyewe, na ufadhili wa ICCR, baraza lao la uhusiano wa kitamaduni, nao unaombwa kwenye tovuti yao moja kwa moja.

Kuhusu "miaka miwili inatosha" aliyokwambia wakala wako: kima cha chini ni miaka mitatu, na masomo ya darasani yamo humohumo. Anayekuuzia miwili anakuuzia karatasi. Januari 2025 UGC waliwafungia vyuo vitatu vya Rajasthan wasiandikishe PhD miaka mitano kwa kukiuka taratibu. Na PhD ya mtandaoni au ya masafa hawaitambui kabisa, kwa hiyo lile wazo la kufundisha Morogoro huku unasoma India kwa simu lisahau. Kusoma kwa muda wa ziada kupo, unahitaji barua ya mwajiri ya kukuruhusu, lakini masomo ya darasani utayakalia kitako kulekule. TCU nao wataanza na hilo: chuo kinatambuliwa huko India au hakitambuliwi.

Chakula: hosteli nyingi ni mboga na dengu, nenda na moyo wa subira, pilipili utazikuta. Hosteli na ada vinatofautiana mno chuo hadi chuo, tutaongea ukishapata mtu, kwa sasa ni kununua shuka kabla ya kitanda.

Halafu kuna la asilimia za maneno yaliyonakiliwa kwenye tasnifu, zikizidi kumi unarudishiwa kazi, nitakueleza siku nyingine, mkono umechoka.

Mzee yupo hai. Mwaka jana alinitumia picha ya lile daftari, "dalili ya mvua ni mawingu" imeandikwa kwa wino wa bluu, na chini yake tafsiri kwa Kisanskriti. Sijui kama ilikuwa salamu au alikuwa ananicheka.

Sasa nijibu moja kabla hujaniuliza lingine: zile dola 800 umeshatuma au bado?