Februari hutawakuta albatrosi

Umeuliza kama Februari inafaa kwenda visiwa vya Galápagos, Ecuador, kuona albatrosi, wale ndege wakubwa wa baharini; ndugu usiende mwezi huo, kuanzia Januari mpaka Machi wanakuwa baharini huko. Nenda Mei hivi, na uhakikishe boti inapita kisiwa cha Española pale Punta Suárez maana albatrosi wa aina hii ya Galápagos karibu wote duniani wanazalia hapo. Wakianza kucheza, wawili wanasimama uso kwa uso wanagonganisha midomo ya njano ta-ta-ta halafu wanaielekeza juu, yaani kamera utaisahau. Kuruka sasa ndo kazi, wanatembea wakiyumba mpaka ukingoni mwa jabali ndo wanajiachia. Ila tafadhali usiwasogelee chini ya mita 2, mayai wanataga chini kwenye udongo mtupu na ndege wenyewe wako hatarini kutoweka.