Sarafu za kigeni ardhini: majibu kwa wasomaji

Tangu detekta, yaani vifaa vinavyolia vikipita juu ya kitu cha metali, zianze kuonekana mikononi mwa vijana wetu, barua za sarafu zimekuwa nyingi. Leo najibu tano.

Shikamoo mwalimu. Shambani kwetu karibu na Kilwa Masoko nimepata vijisarafu viwili vya shaba vyenye maandishi ya Kiarabu. Kimoja nimekisugua kwa ndimu na majivu, kinang'aa lakini maandishi yamefifia. Cha pili nikisafishe kwa nini?

Marahaba mwanangu. Cha pili usikisafishe kwa kitu chochote. Ile kutu ya kijani ndiyo iliyoshika herufi, na ndimu imezila pamoja. Kitie kwenye bahasha ya karatasi, si nailoni, maana nailoni inafungia unyevu. Juu yake andika tarehe, kina cha shimo, na hatua ngapi kutoka mnazi gani.

Nasisitiza mahali kwa sababu sarafu za masultani wa Kilwa hazina mwaka. Upande mmoja utakuta jina la sultani, kwa mfano Ali bin al-Hasan, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu. Pande hizo mbili zina vina, kama ubeti. Lakini umri wake utaujua kwa vilivyolala nayo: kigae, ushanga, kipande cha mkaa.

Mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa mchangani katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Nne zilikuwa za kampuni ya biashara ya Waholanzi na tano zilikuwa za Kilwa. Kilwa hii hii yetu! Alizitia kwenye kopo, na kwenye ramani akachora X pale alipoziokota. Miaka mingi ikapita kabla ya wataalamu kuzitambua, na watafiti waliokwenda kule mwaka 2013 walikuwa wakiifuata X yake. Wewe nawe chora ya kwako leo, kabla hujasahau.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na hivyo vyako, vikiwa vya masultani, vimo humo. Anzia kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Na tafadhali, magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara usiyakanyage na detekta.

Nimeokota sarafu kubwa ya fedha ufukweni Bagamoyo, ina kichwa cha mama mnene na mwaka 1780. Ina maana ina miaka zaidi ya 240?

Si lazima. Huyo ni Maria Theresa aliyetawala Austria, akafariki mwaka huo huo wa 1780. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na wa pwani yetu waliizoea sura ile, wakaiamini kuliko sarafu nyingine. Kwa hiyo Vienna, na baadaye Roma, London na Bombay, waliendelea kuipiga vile vile bila kubadili mwaka. Yako inaweza kuwa ya enzi za Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar wa karne ya 19, au ya karne ya 20. Ipime: ya kweli ina gramu 28 hivi, na ukingoni ina maneno ya Kilatini. Ikiwa nyepesi na ukingo ni mtupu, mtu ameiyeyushia kwenye kalibu.

Kuna jamaa anataka rupia ya Kampuni ya Mashariki ya India. Anasema ile yenye nguvu huvuta punje za mchele, atalipa milioni 50, ila nitangulize hela ya kipimo.

Usimtumie hata senti. Fedha haivuti mchele, shaba haivuti, dhahabu haivuti. Sumaku yenyewe haivuti mchele. Utapeli huu umewaliza watu wengi India. Toa taarifa polisi.

Detekta imenipatia hapa Tabora sarafu ya njano, 1916, ina taji na herufi D.O.A. Fundi saa anasema ni dhahabu ya Mjerumani.

Ni shaba ya njano, ndugu yangu, lakini usivunjike moyo, kwani umeshika kitu kilichozaliwa hapo hapo mjini kwenu. D.O.A. ni Deutsch-Ostafrika, jina la Kijerumani la koloni lao hapa. Vita Kuu ya Kwanza vilipopamba moto, Waingereza waliifunga bahari na sarafu zikawa hazifiki kutoka Ujerumani. Wajerumani wakazipiga wenyewe Tabora, kwenye karakana ya reli. Tazama chini ya mwaka, utaona T. Ya dhahabu ni rupia 15, yenye tembo mbele ya mlima.

Yako huenda ni Heller 20. Sarafu za Heller zilianza mwaka 1904, mia kwa rupia moja, zikachukua nafasi ya pesa zilizokuwa 64 kwa rupia. Unapomwambia mtu "sina hela", unaitaja sarafu hiyo.

Mwalimu, mimi na mdogo wangu tumetoa sarafu tatu za fedha shimo moja, nje kidogo ya Tanga. Detekta bado inalia. Tuendelee?

Hapana. Simameni hapo hapo, nawaomba sana.

Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, zilitoka sarafu zaidi ya 2,000 za fedha zenye majina ya watawala wa hapa pwani, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu za Wafatimi, watawala wa Misri wa zama hizo. Dinari zina mwaka, zile za kwetu hazina. Kwa kuwa walichimba wataalamu, wakajua kipi kililala na kipi, dinari zikazisemea za kwetu kwamba ni za karne ya 11. Angetangulia mtu na jembe, tusingejua.

Na karibu na Harrogate, Uingereza, mwaka 2007, baba na mwanawe walipata kwa detekta chombo cha fedha kilichojaa. Hawakukimwaga. Walikipeleka kama kilivyo, na wataalamu walipokifungua taratibu walihesabu sarafu 617, zikiwemo za Waislamu kutoka Asia ya Kati.

Rudishieni udongo, wekeni matawi juu, msiseme mtaani. Kesho asubuhi mwende kwa afisa utamaduni na hizo tatu, kisha mniandikie amesema nini.