Ukungu mweupe kwenye rangi ya kigari

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini rangi ya kopo uliyopulizia kigari chako cha kuunganisha cha 1:24 (kidogo mara 24 kuliko gari halisi) imekauka na ukungu mweupe. Rangi si mbovu, huo ni unyevu wetu wa pwani. Thina, yaani kimiminika kinacholainisha rangi, ikiyeyuka haraka inaupoza uso wa rangi, na hewa ya Dar, hasa masika, inaacha majimaji pale juu kabla rangi haijashika.

Usiibandue. Iache siku mbili, pitisha msasa wa maji namba 2000 kwa mkono mwepesi, halafu pulizia tabaka jembamba siku ya jua, kati ya saa tano na saa tisa mchana. Jembamba kweli. Rangi nzito inafukia mistari ya milango na hutairudisha.

Najenga vigari tangu shule ya msingi, Temeke, na siku hizi Machi hadi Mei sigusi kopo mpaka jua liwake tangu asubuhi. Muda huo nakaa na injini, na hapo ndipo moyo wangu ulipo. Waya wa plagi za injini wenye unene wa milimita 7 kwenye gari halisi, ukigawa kwa 24, unapata kama milimita 0.3. Chuna waya wa spika za masikioni zilizokufa, utapata nyuzi za shaba nyembamba. Sokota chache zifike unene huo, zipake rangi nyeusi. Ukifungua boneti, injini inaonekana hai kabisa.

Ukimaliza tuwekee picha, tafadhali.