Muulizeni Mkunga: Kichupa cha mafuta ya bangi na tumbo la hedhi

SWALI: Shikamoo mama. Mimi nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Nina miaka 29, nimeolewa, mtoto bado. Tangu niko kidato cha pili, hedhi ikikaribia siwezi kusimama. Nalala juu ya magunia ya dagaa nimejikunja, wenzangu ndio wananiuzia. Mwaka jana nilifanyiwa upasuaji wa matundu, wakasema ni endometriosisi, nikarudi nyumbani na vidonge vya maumivu basi. Sasa mwenzangu wa meza ya jirani ameniletea kichupa cha mafuta ya bangi. Anasema ni matone matano chini ya ulimi, na kwamba huko kwa Wazungu utafiti umeshathibitisha. Anataka elfu ishirini. Nimekificha kwenye pochi, mume wangu hajui. Je, ni kweli kinatibu?
Wa Mwaloni

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana.

Kabla ya kichupa, nina deni la kulipa. Nimekaa wodini zaidi ya miaka thelathini, na wasichana waliokuja wamejikunja kama wewe niliwaambia, "Vumilia, ukizaa yataisha." Mmoja alikuja na sare ya shule, kabeba kindoo cha plastiki cha kutapikia. Nilimpa panado mbili nikamrudisha darasani. Kile kindoo cha bluu nakiona mpaka leo. Ugonjwa huu ni tishu inayofanana na utando wa ndani ya mfuko wa uzazi kuota nje ya mfuko: kwenye ovari, nyuma ya mfuko, hata kwenye utumbo. Shirika la Afya Duniani linakadiria unawapata wanawake kama milioni 190, yaani mmoja katika kila kumi walio kwenye umri wa kuzaa. Na kuzaa hakuuponyi. Mwenye kukwambia hivyo, hata akiwa mkunga, mpuuze.

Haya, kichupa. Mwenzako hajakudanganya, ila kaleta habari nusu.

Australia walichapisha uchunguzi mwaka 2019. Wanawake 484 wenye ugonjwa huu walijaza maswali, na kati ya waliokuwa wakijihudumia wenyewe nyumbani, 13% walisema wanatumia bangi. Hao waliipa alama 7.6 kati ya 10 kwa kutuliza maumivu, na zaidi ya nusu yao walisema wamepunguza dawa za hospitali kwa nusu au zaidi. Kanada nako, kati ya 2017 na 2020, wanawake 252 waliandika kwenye programu ya simu kila walipoitumia, jumla mara 16,193. Waliovuta walisema maumivu yanatulia zaidi. Walioinywa au kuila waliona nafuu zaidi kwenye matatizo ya utumbo na katika hali ya moyo.

Inavutia, sikatai. Lakini wewe ni mfanyabiashara, hebu nikuulize: ukitaka kujua kama dagaa wako ni wazuri, ukawauliza wateja wanaorudi tu, watakwambiaje? Aliyekuta mchanga kwenye sufuria yake hakurudi, humpati wa kumuuliza. Ndivyo hesabu hizo zilivyo. Wanaoitumia ndio waliojipimia nafuu wenyewe, na hapakuwa na kundi la pembeni lililopewa dawa bandia ili walinganishwe.

Wapo pia watafiti wa Barcelona. Mwaka 2020 walitoa matokeo kwamba THC, ile kemikali ya bangi inayolevya, ilipunguza maumivu na ukubwa wa uvimbe kwa panya. Panya hao hawapati hedhi, mwanangu. Walipandikizwa tishu. Maana ya kazi ile ni kwamba mwili una vituo vyake, kwenye neva na hata kwenye mfuko wa uzazi, ambavyo THC inafika na kutia nanga kama kivuko cha Kamanga kinavyokuta gati lake. Kwa hiyo si uchawi, kuna njia inayoeleweka. Ila mwaka 2021 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kilisema hakiwezi kuunga mkono bangi kwa maumivu, kwa kuwa ushahidi hautoshi.

Na hicho cha kwenye pochi yako ni kitu kingine kabisa. Kanada mtu hununua chupa iliyoandikwa ina THC kiasi gani na CBD, ile kemikali nyingine ya bangi isiyolevya, kiasi gani. Chako kina nini? Dagaa wa chanja na dagaa wa mchangani wote wanaitwa dagaa. Matone matano yanaweza yasikufanye lolote, au yakakulewesha ukiwa umeshika hela za watu. Halafu unatafuta mtoto: bangi wakati wa mimba imehusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 nayo hairuhusu hata kukutwa nayo. Mrudishie mwenyewe leo, elfu ishirini ibaki kwako.

Vidonge vya maumivu si mwisho wa matibabu, hapo ndipo walipokuonea. Ibuprofeni, kama huna vidonda vya tumbo, hufanya kazi vizuri zaidi ukianza siku moja kabla ya damu, na uimeze baada ya kula. Wewe nadhani unangoja mpaka umelala juu ya magunia. Vidonge vya majira na kitanzi chenye homoni hutuliza wengi, lakini ukiwa navyo hupati mimba. Sindano ya miezi mitatu usiikubali haraka, maana uwezo wa kushika mimba unaweza kuchelewa kurudi, hata karibu mwaka.

Kwa hiyo mwambie mume wako, muamue pamoja kipi kitangulie, mtoto au kutuliza maumivu, kwa sababu daktari atawauliza hilo kwanza. Nunua daftari dogo, uandike miezi miwili: tarehe, maumivu kati ya sifuri na kumi, umemeza nini, siku ngapi hukufungua meza. Nenda nalo pamoja na karatasi ya upasuaji, uombe rufaa kwa daktari bingwa wa wanawake pale hospitali ya Bugando. Akikwambia ukizaa yataisha, mfungulie daftari.