Maswali ya Wasomaji: Nimefunga miguu, risasi zimehama

SWALI: Shikamoo mzee. Nina bunduki ya .22, ile ya risasi ndogo, niliyoachiwa na marehemu baba, na leseni imeshahamishiwa jina langu. Sipigi mnyama, nalenga karatasi tu, mita 50. Nikiilaza juu ya mfuko wa mchanga, risasi tano zinakaa ndani ya kizibo cha soda. Mwezi uliopita nilinunua baipodi, ile miguu miwili ya kupachika kwenye kishikizo cha mkanda. Nilichagua ndefu kabisa ili inifae kila mahali. Tangu niifunge, risasi zinapanda vidole viwili na kutawanyika. Nirekebishe darubini, au nimeuziwa kitu kibovu?
Msomaji, Isevya, Tabora

JIBU: Marahaba, mwanangu. Darubini usiiguse. Baipodi nayo huenda haina kosa lolote. Nikiisoma barua yako, mimi naushuku ubao, ile mbao inayoubeba mtutu.

Bunduki nyingi za .22 za zamani zina ubao mwembamba sana huku mbele. Ulipoilaza kwenye mfuko, bila shaka mfuko ulikaa karibu na chemba, chumba cha risasi, pale ubao ulipo mnene. Kishikizo cha mkanda kiko mbali zaidi, karibu na ncha ya ubao. Sasa uzito wa mbele, pamoja na bega lako linalosukuma, vyote vimening'inia kwenye skrubu moja. Ubao unapinda kwenda juu, unaugusa mtutu kwa chini, na mtutu ukisukumwa kutoka chini hupeleka risasi juu. Leo umeegemea sana, kesho kidogo, na risasi nazo zinakufuata.

Hakikisha mwenyewe. Toa magazini, fungua bolti, lile komeo la chemba, tazama chemba, kisha itazame tena. Chukua noti ya shilingi elfu moja, ipitishe kati ya mtutu na ubao kuanzia nchani, uivute kurudi kuelekea chemba. Fanya hivyo kwanza ukiwa umeishika bunduki mkononi. Halafu isimamishe kwenye baipodi, lala nyuma yake, egemea kama unavyoegemea ukilenga, na mwenzako aivute noti. Akae ubavuni, asipite mbele ya mdomo wa bunduki hata kama nyote wawili mmeiona ni tupu. Noti ikipita mara ya kwanza na kukwama mara ya pili, umeshampata mwizi wako.

Dawa yake ni kuupanua mfereji wa ubao, ule mfuo unaolaliwa na mtutu. Zungushia msasa laini kwenye kijiti cha mviringo kinachokaribiana unene na mtutu, usugue kidogo, upime na noti, usugue tena. Ukimaliza, paka mafuta ya kitani au vanishi ndani ya mfereji, maana ubao uliosuguliwa unakunywa unyevu. Hapa kwetu mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na nimeona bunduki iliyopiga vizuri Agosti ikahama Januari bila mtu kuigusa. Kwa hiyo jaribio la noti lirudie mvua zikishika. Ila kama noti inakwama nchani hata ukiwa umeishika mkononi, usikimbilie msasa. Wapo watengenezaji wanaoacha kwa makusudi ubao uushike mtutu pale nchani, na ukikiondoa kishiko hicho unaweza kuiharibu bunduki nzuri. Bunduki ya namna hiyo mwachie mfuko wa mchanga.

Kagua pia kile kishikizo. Kwenye mbao za zamani mara nyingi ni skrubu ya mbao tu, iliyowekwa kubeba mkanda. Baipodi inaivuta huku na huku mpaka tundu linalegea. Fundi mzuri ataing'oa na kuweka bolti yenye nati iliyozama ndani ya mfereji, chini kabisa isiufikie mtutu.

Urefu ndipo ulipokosea, nakwambia wazi. Kwa anayelala kifudifudi, miguu ya sentimita 15 hadi 23 inatosha. Miguu mirefu ni ya kupigia ukiwa umekaa, na kadiri unavyoirefusha ndivyo inavyoyumba. Ukipata nafasi ya kubadilisha, chukua fupi yenye kichwa kinachoinama kushoto na kulia, ili ardhi ikiwa na mteremko usihangaike kuchimbia mguu mmoja. Chini ya miguu tandika kipande cha jafafa, lile gunia la kufungia marobota ya tumbaku. Mpira wa nyayo za miguu juu ya saruji huruka, juu ya jafafa unatulia. Nyuma, chini ya kitako cha bunduki, weka kifuko kidogo cha mchanga mkavu.

Kuna wanaofunga miguu kwenye mtutu wenyewe kwa kibanio. Usifanye. Mwaka 1994, nikiwa askari wa wanyamapori Ugalla, enzi hizo ikiwa bado pori la akiba, nilibana miguu kwenye mtutu nikarekebisha shabaha mpaka nikaridhika. Siku ya kupimwa miguu ikakatazwa. Nikaitoa, na risasi zangu zote kumi zikaangukia nje ya duara la katikati. Nilikuwa nimeirekebisha bunduki pamoja na mzigo uliouning'inia mtutu. Iliniuma sana, na tangu hapo kila kijana niliyemfundisha nilimwambia mtutu uachwe huru.

Neno la mwisho kwako ni la mashindano. Katika ISSF, shirikisho la kimataifa la kulenga shabaha, mlalo wa mita 50 hauruhusu baipodi, watu hushikilia kwa mkanda. Inaruhusiwa kwenye F-Class, mashindano ya kulenga mbali bunduki ikiwa imeegemezwa, daraja la F/TR, lakini huko ni kaliba (ukubwa wa risasi) .223 na .308 tu, kwa hiyo .22 yako haimo, na bunduki pamoja na miguu yake isizidi kilo 8.25.

SWALI: Je, bunduki ya upepo ya springi nayo inafaa kufungwa baipodi?
Msomaji, Urambo

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Springi inapofunguka bunduki inaruka nyuma, kisha mbele, na yote hayo hutokea kabla risasi haijatoka mdomoni. Ukiiweka kwenye kitu kigumu inadunda, na kila mdundo una njia yake. Ilaze juu ya kiganja kilichofunguliwa, kiganja kikae juu ya mfuko laini, usiikabe. Piga tano. Zikitawanyika, sogeza kiganja sentimita mbili mbele au nyuma, upige tano nyingine, mpaka uipate sehemu inayopendwa na bunduki yako. Ukiipata, weka alama ya kalamu kwenye ubao.