Kufasiri Istilahi za Kompyuta kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza: Ielewe Mashine Kabla ya Kufungua Kamusi

Wengi wanaoanza kufasiri miongozo na nyaraka za kompyuta kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza hudhani kwamba kazi hiyo ni nyepesi, kwa kuwa sehemu kubwa ya fani yenyewe imekulia katika Kiingereza, na kwa hiyo kila neno la Kifaransa litakuwa na mwenzake anayelisubiri upande wa pili. Kwa uzoefu wangu, mambo hayaendi hivyo. Wafaransa waliamua mapema kujitungia maneno yao, na maneno hayo yanaigawa dunia ya kompyuta kwa mipaka ambayo mara nyingi hailingani na mipaka ya Kiingereza.

Mwaka 1955, kampuni ya IBM nchini Ufaransa ilipokuwa ikitafuta jina la mashine zake mpya, Profesa Jacques Perret, mtaalamu wa Kilatini, aliijibu kwa barua ya tarehe 16 Aprili akipendekeza neno "ordinateur", lenye wazo la kupanga mambo kwa utaratibu. Mwaka 1962 Philippe Dreyfus aliunganisha "information" na "automatique" akapata "informatique". Baadaye kamati za serikali zikachukua kazi ya kupendekeza istilahi na kuzichapisha katika gazeti rasmi, na sheria ya tarehe 4 Agosti 1994, iitwayo sheria ya Toubon, ikalazimisha maelekezo ya matumizi ya bidhaa zinazouzwa Ufaransa yaandikwe kwa Kifaransa. Ndiyo maana mfasiri hukutana na maandishi yaliyojaa istilahi za Kifaransa hata pale ambapo programu yenyewe ilitengenezwa kwingine.

Neno "informatique" peke yake linatosha kuonyesha ugumu huo. Likiwa jina la somo la chuo kikuu, Kiingereza husema "computer science". Likiwa katika "service informatique", yaani idara inayoshughulikia kompyuta za ofisi, husema "IT department". Katika "matériel informatique" ni vifaa vya kompyuta, na Kiingereza huandika "computer equipment" au "hardware". Neno "informatics", ambalo kwa sura ndilo linalofanana nalo zaidi, ni nadra sana kuwa jibu sahihi. Mfasiri anayechagua tafsiri moja na kuitumia kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho kwa kujali ulinganifu atakuwa amelinda ulinganifu wa maneno na kupoteza maana.

Kwa hiyo ushauri wangu mkuu ni huu: kabla ya kufungua kamusi, jiulize ni nini hasa kinachotendeka ndani ya mashine. Chukua sentensi fupi ya aina inayopatikana katika miongozo mingi: "Lancez la sauvegarde avant la mise à jour", yaani anzisha "sauvegarde" kabla ya kusasisha. Neno "sauvegarde" hutumika kwa kuhifadhi kazi uliyoifungua kwenye skrini, ambako Kiingereza husema "save", na hutumika pia kwa kutengeneza nakala rudufu ya data mahali pengine, ambako husema "backup". Sentensi hiyo peke yake haikwambii ni ipi. Soma kurasa zinazofuata: ukiona "restauration", yaani kurejesha data, au ukiona diski ya pili ikitajwa, ujue ni nakala rudufu. Tofauti hiyo si ndogo hata kidogo. Msomaji aliyeambiwa "save" atabonyeza kitufe na kuendelea, na ikiwa usasishaji utaharibu data zake hatakuwa na nakala ya kurejea, ilhali mwandishi wa Kifaransa alikuwa amemwonya vizuri kabisa.

Mtihani huohuo wa kuitazama mashine ndio unaotatua maneno yanayofanana kwa sura. "File" ya Kifaransa ni foleni, yaani "queue", na faili huitwa "fichier". "Éditeur de texte" ni "text editor", lakini "éditeur de logiciels" ni kampuni inayotoa programu, na "éditeur de liens" ni chombo kinachounganisha vipande vya programu iliyokwisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine, ambacho wahandisi wa Kiingereza hukiita "linker". "Librairie" ni duka la vitabu kwa Kifaransa cha kawaida, ingawa wanaprogramu wengi wa Ufaransa huliandika wanapokusudia "bibliothèque", yaani mkusanyo wa vipande vya programu vilivyo tayari kutumiwa, na hapo Kiingereza kina neno moja tu, "library". "Logiciel" nalo huhesabika: "trois logiciels" ni maneno sahihi ya Kifaransa, ila neno "software" halikubali wingi, hivyo andika "three programs" au "three software packages" kadiri ya kinachozungumzwa.

Jozi inayonipa kazi kubwa kuliko zote ni "sécurité" na "sûreté". Kiingereza hutenganisha "security", ambayo ni ulinzi dhidi ya mtu mwenye nia mbaya, na "safety", ambayo ni kinga dhidi ya ajali na madhara. Kifaransa kina maneno mawili pia, lakini hayatenganishi kwa namna hiyohiyo, na matumizi yake hubadilika kutoka fani moja hadi nyingine. "Sécurité informatique" ni "computer security". "Sécurité des personnes" karibu na mashine ya kiwandani ni "safety". "Sûreté" katika viwanja vya ndege ni "security", na katika vinu vya nyuklia ni "safety". Kisha "sûreté de fonctionnement" ina jina lake la kitaalamu, "dependability", yaani uwezo wa mfumo kutegemewa. Hapa kamusi haiwezi kukuamulia. Uliza hatari inayozuiliwa inatoka wapi, na ikiwa waraka haujibu, mwandikie mteja. Sijawahi kukutana na mhandisi aliyechukizwa na swali la aina hiyo.

Vipimo na vifupisho vinahitaji usomaji wa pekee, na mimi huvipitia mara moja ya ziada baada ya kumaliza kazi yote. "Octet" ni baiti, yaani biti 8, kwa hiyo "100 Mo" huwa "100 MB" yenye herufi mbili kubwa. Kuandika "Mb" ni kutaja megabiti, na kiasi hupungua mara nane. Lakini "100 Mb/s" katika waraka wa Kifaransa tayari ni megabiti kwa sekunde na hubaki kama ilivyo. "Milliard" ni "billion" ya Kiingereza, na "billion" ya Kifaransa ni "trillion". Mkato wa Kifaransa huwa nukta ya desimali, hivyo "1,500" ni moja na nusu. "Maj" kwenye kibodi ni kitufe cha "Shift", ilhali "MAJ" katika ratiba ya matengenezo ni "mise à jour", yaani kusasisha. Katika nyaraka za miradi, "recette" ni majaribio ya kupokea mfumo, "acceptance testing", na halihusiani na upishi wala mapato.

Angalia pia waraka umetoka wapi. "Courriel", yaani barua pepe, lilienea kwanza Quebec, jimbo la Kanada linalozungumza Kifaransa, likapitishwa rasmi Ufaransa mwezi Juni 2003, na hata hivyo Wafaransa wengi huendelea kuandika "mail". Ukikutana na "clavardage" (kuchati mtandaoni) au "infonuagique" (kompyuta wingu), karibu hakika mwandishi ni wa Quebec, na yafaa umuulize mteja kama anataka tahajia ya Kiingereza cha Kanada. Hifadhidata za istilahi za FranceTerme, ya Ufaransa, na Grand dictionnaire terminologique, ya Quebec, zote ni za bure na hutoa visawe vya Kiingereza. Nazitumia kila siku, lakini kwa kuwa kazi yake ni kupendekeza Kifaransa kizuri, Kiingereza chake nakithibitisha katika nyaraka zilizoandikwa na wahandisi kwa Kiingereza tangu mwanzo.

Na ikiwa programu yenyewe ina toleo la Kiingereza, liombe kabla hujafasiri sentensi ya kwanza. Kitufe kikiwa kimeandikwa "Store" pale ambapo wewe ungeandika "Save", mwongozo lazima useme "Store", kwa sababu msomaji atakuwa akilitafuta neno hilo kwenye skrini yake. Pendekezo lako la kulibadilisha mpelekee mteja kwa barua ya pembeni.