Mnaoniuliza kama huku tumefunguliwa na nakuja lini, jibu langu ni hili

Nawaandikia hii Agosti 2021 kutoka Leicester, Uingereza. Swali lenu nimeliona kwenye grupu la ukoo, kila mtu kalileta kivyake lakini ni lile lile. Huko Uingereza si mmeshafunguliwa lokidauni ya corona, tumeona kwenye tivii Wembley imejaa hadi juu watu wanakumbatiana hawana barakoa, mabaa yamefurika, sasa wewe dada unangoja nini kuja nyumbani, na mbona hata hela siku hizi zinakuja kwa kusuasua. Mama mdogo yeye kaongeza kwamba kasikia serikali ya huku ilikuwa inalipa watu wamekaa tu majumbani. Najibu yote kwa mkupuo, na najibu bila kuficha kwa sababu najua kuna wanaosema pembeni kwamba nimewasahau, na hilo limeniuma.

Kweli wamefungua. Tarehe 19 Julai ndo waliondoa karibu kila kitu, sheria ya barakoa hamna tena, idadi ya watu kukutana hamna tena, madisko yakafunguliwa usiku wa manane ule ule na vijana walishapanga foleni nje wanahesabu dakika. Lakini msidhani ilikuja siku moja. Imekuja kidogo kidogo tangu Machi, tarehe 8 Machi watoto wakarudi shule, 12 Aprili maduka na saluni, 17 Mei ndo tukaruhusiwa kuingia ndani ya nyumba ya mtu mwingine na kula ndani ya mgahawa, halafu hatua ya mwisho ilitakiwa iwe 21 Juni wakaisogeza wiki nne mbele kwa ajili ya kirusi cha Delta. Na sisi wa Leicester tuna yetu ya ziada, maana mwaka jana mwisho wa Juni, nchi nzima inajiandaa kufungua, sisi tukatangaziwa kwamba mji wenu unabaki umefungwa, mji wa kwanza Uingereza kufungiwa peke yake. 4 Julai 2020 wenzetu wa Nottingham, hapo tu nusu saa kwa treni, wamekaa baa wanakunywa, sisi hata duka la viatu limefungwa. Kwa hiyo mtu wa Leicester ukimwambia mambo yameisha anakusikiliza tu, moyoni anangoja aone.

Chukueni mfano wa Idi. Idi ya mfungo mwaka huu ilikuwa 13 Mei, siku nne kabla ya ruhusa ya kuingia kwenye nyumba za watu. Siku nne! Tukapika pilau kila mtu kwake, tukalifunga kwenye foili tukaenda kulila Spinney Hill Park, watu sita sita kwa sababu sheria ya nje ndo ilivyosema, baridi, nyasi zimelowa mvua, watoto wamevaa kanzu na juu yake jaketi kubwa la shule. Tukasema basi Idi ya kuchinja tutafidia. Ikaangukia 20 Julai, kesho yake tu baada ya kufunguliwa, nikapika kama tunavyopika nyumbani nikijua nyumba itajaa. Waliokuja wachache. Wengine simu ziliwazuia, kuna programu ya simu ya NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, ukiwa umekaa karibu na mtu aliyeugua ilikuwa inakutumia ujumbe ujifungie siku 10, na mwezi ule wa Julai ilikuwa inawafikia watu zaidi ya laki 6 kwa wiki moja. Wengine hawakuwa na ujumbe wowote, waliogopa tu. Na sisi tuliofika tukawa tunaangaliana mlangoni, mtu hajui atoe mkono au asitoe, sisi watu wa Tanga ambao mkubwa akiingia unamshika mkono ndo salamu ikamilike, mtu anainua mkono halafu anaurudisha kifuani. Madirisha yote wazi, kila mmoja kajibana kwenye kiti chake. Hayo ndo maisha yaliyorudi, yamerudi ila bado yana woga ndani yake.

Sasa habari ya kulipwa umekaa. Ilikuwepo na mpaka Agosti hii ipo, inaitwa falo, mfanyakazi aliyekaa nyumbani anapata asilimia 80 ya mshahara mwisho pauni 2,500 kwa mwezi, mwanzoni yote ilikuwa inatoka serikalini ila sasa sehemu analipa mwajiri, na itaisha 30 Septemba 2021. Rafiki yangu wa hotelini yuko nayo na halali usingizi, kwa sababu asilimia 80 ya mshahara mdogo ni kitu kidogo sana na kodi ya nyumba haikupunguzwa hata senti, na hajui Oktoba hotelini watamrudisha au watamwambia asante kwa huduma yako. Lakini mimi hiyo hela sijaiona, mimi mnajua nafanya kea, nyumba ya wazee, na kea haikufungwa hata siku moja. Wakati mnaona kwenye tivii watu wanapiga makofi madirishani kuwashukuru wahudumu wa afya kila Alhamisi saa mbili usiku, mi nilikuwa naelekea naiti.

Nataka niwaambie kitu kimoja kuhusu kazini ili mnielewe. Kuna bibi pale kwetu, binti yake alikuwa anakuja kila Jumapili anasimama nje ya dirisha, baridi ile ya Januari, wanaongea kwa simu huku wanaangaliana kwenye kioo, na bibi masikio yamechoka kwa hiyo mimi ndo namshikia simu. Ilipofika 8 Machi ikaruhusiwa kila mzee mgeni mmoja aingie ndani, na wanaruhusiwa kushikana mikono, ila kwa glavu. Binti akapimwa mlangoni, akangoja nusu saa majibu, tukamvalisha aproni ya plastiki, barakoa, glavu, akaingia. Bibi akaupokea ule mkono akautazama, halafu akaanza kuivuta glavu kidole kimoja kimoja, anaikwangua kwa kucha itoke. Binti ananiangalia mimi. Nikasema hapana. Nilisema hapana kwa sababu mwaka mzima nyuma yake tulikuwa tumewatoa wazee kwenye lile jengo, mmoja baada ya mwingine, wazee niliowaogesha na kuwalisha kwa mikono yangu, na sikuwa tayari kumtoa na yule. Sasa tangu Julai wageni hawana idadi, binti anakuja na wajukuu, anamshika mama yake vizuri tu, lakini katika huo mwaka akili ya bibi imetoka, anamwita binti yake nesi. Mtu akiniambia tumefunguliwa namfikiria yule binti, kafunguliwa mlango na aliyekuwa anamtafuta ndani hayupo tena.

Na wafanyakazi wenyewe wanapungua. Serikali imepitisha kwamba kuanzia 11 Novemba mwaka huu wa 2021 huruhusiwi kufanya kazi nyumba ya wazee kama hujachanja kamili, maana yake sindano ya kwanza isizidi 16 Septemba. Mi nilishachoma zote mbili zamani, lakini wenzangu kadhaa wameshasema wanaondoka kwenda kufanya kazi kwenye maghala, na wakiondoka shifti zao zinatuangukia sisi tuliobaki.

Sasa nakuja kwenye nauli. Mpaka naandika hii, Agosti 2021, Tanzania iko kwenye orodha nyekundu ya Uingereza tangu 22 Januari mwaka huu. Maana yake nikija Tanga kwenda ni rahisi tu, shida ni kurudi. Ukirudi hauruhusiwi kwenda kwako, unapelekwa hoteli wanayokuchagulia wao, mlangoni kuna mlinzi, unakaa siku 10 na unalipa mwenyewe. Ilianza 15 Februari kwa pauni 1,750, na wiki hii tarehe 12 Agosti wameipandisha hadi pauni 2,285 kwa mtu mmoja. Mtu mzima wa pili chumba hicho hicho pauni 1,430, na mtoto akishazidi miaka 11 kwao huyo ni mtu mzima, kwa hiyo mwanangu mkubwa anahesabiwa. Hiyo ya kwanza peke yake ni zaidi ya milioni 7 za kibongo, tiketi ya ndege bado. Kima cha chini cha mshahara hapa mwaka huu wa 2021 ni pauni 8.91 kwa saa, pigeni hesabu wenyewe, ni zaidi ya masaa 250 ya kuinua wazee vitandani kabla kodi haijakatwa, na hizo siku za hotelini zinakatwa kwenye likizo yangu.

Ndo maana Februari hamkuniona. Baba mdogo alipofariki, mwezi ule ule aliofariki Maalim Seif, mliniandikia "changamoto ya kupumua" kama walivyokuwa wanaandikiwa wote, na mi nilielewa siku ile ile kwamba ni corona kwa sababu nilikuwa nimeshaiona hiyo changamoto kazini kwa macho yangu. Nikamzika kwa simu. Aliyeshika simu makaburini alikuwa analia, picha inaruka ruka, naona miguu ya watu na mchanga, halafu bando likamwishia. Baba mdogo ndiye aliyenisindikiza mpaka uwanja wa ndege na begi langu kichwani kwake. Nasikia kuna walioulizana kwenye hitima mbona yule wa Ulaya hakuja. Hakuja kwa sababu asingeweza kulipa kurudi, na asiporudi shule ya watoto na kodi ya nyumba inakufa, na hata ile hela ya sanda na chakula cha hitima isingetoka popote.

Sitaki kuwalaumu Waingereza peke yao kwa hiyo orodha. Serikali ya kwetu iliacha kutoa hesabu ya corona Mei 2020 tukiwa tumefika wagonjwa 509, tukakaa zaidi ya mwaka dunia haijui kwetu kukoje, tunajifukiza nyungu na tunazika. Mtu asiyejua kwako kukoje atakufungia mlango. Lakini pia inaniuma kuona mtu anatoka hapa kwenda Uhispania kuota jua anarudi kwake bila hoteli, halafu mimi ninayetaka kwenda kumuona mama nifungiwe chumbani na mlinzi. Kwa wenye ndugu kwenye nchi hizi zilizowekwa rangi nyekundu lokidauni bado ipo, sema haionekani kwenye tivii.

Kuna mzee wa Kihindi Melton Road ninakonunua mihogo, bamia na unga wa dona, kazaliwa Jinja, Kiswahili chake kizuri tu. Ni katika wale waliofukuzwa na Idi Amin 1972 wakapewa siku 90 waondoke, na halmashauri ya hapa Leicester ikaweka tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije huku mji umejaa, wakaja hivyo hivyo na leo ndo wanaolisha mji. Ile nailoni aliyoitundika kaunta mwaka mzima kaitoa sasa, tumeanza tena kuongea vizuri bila kupigizana kelele. Kaka yake alifariki Januari, sheria ilikuwa watu 30 tu msibani, na ukoo wao wa Leicester peke yake unajaza ukumbi, wakawa wanachagua nani aende na nani abaki, na mpaka leo kuna ndugu hawasemeshani kwa sababu ya ile orodha ya majina 30. Nilipompa pole na kumweleza ya baba mdogo akanambia "mama, sisi wote hatujazika bado". Nikakaa kwenye gari muda mrefu kabla sijaondoka.

Hela zinasuasua kwa sababu shifti za ejensi nilizokuwa naongeza wikiendi nimeziacha, kipindi kile walikataza mtu mmoja kuzunguka nyumba mbili tatu za wazee asije akahamisha ugonjwa, na sasa zimerudi mwili wangu ndo umekataa. Nalala masaa manne naamka moyo unakwenda mbio. Nitaendelea kutuma ya mama na ya ada ya mdogo wetu kila mwezi kama kawaida, hiyo haigusiki. Ya kumalizia ukuta na ya bodaboda msinitegemee mwaka huu, nawaambia mapema ili msiahidi watu.

Na mama achanjwe. Hili naomba sana, kuliko yote niliyoandika. Mama Samia kachanjwa hadharani 28 Julai, chanjo zimefika zaidi ya milioni moja, ni ile ya sindano moja tu hata hana haja ya kurudi mara ya pili. Najua mnayotumiana huko WhatsApp, kwamba ukichanja unakufa baada ya miaka miwili, kwamba wazee ndo wanajaribiwa. Mimi nimechanjwa, wazee wangu wa miaka 90 wamechanjwa wote tangu Januari, na tangu wakati huo mlango wa nyuma wa lile jengo, ule wa kutolea maiti, haujafunguliwa kwa sababu ya corona tena. Nimeyaona kabla na baada, sijasimuliwa. Kaka, wewe una gari, mpeleke mama wiki hii, na wewe mwenyewe usikae nje kumsubiri, ingia naye.

Wakitutoa kwenye orodha nakata tiketi, hela ya nauli ipo pembeni siigusi. Tarehe sina na sitawadanganya. Mama mdogo, nipigie kesho ukishaswali Isha, nitakuwa nimetoka shifti ya asubuhi, tuongee ile habari ya shamba la baba mdogo kabla hao wengine hawajaanza kuliuza.